Mzigo wa Mtu Ashukaye Pwani



Kila mwaka wengi wa sisi tukaao milimani hushuka kwenda pwani. Mzazi huitwa na mtoto wake aliyepata kazi Dar es Salaam. Mwinjilisti hutumwa na usharika kwenda mkutanoni Tanga. Kwaya hualikwa kuimba katika sikukuu. Mama mjamzito humfuata mumewe. Kabla ya safari watu huuliza habari ya nauli, na saa ya basi, na jina la mwenyeji. Lakini habari ya mzigo huachwa mpaka usiku wa mwisho, ndipo nguo hushindiliwa katika mkoba kama zijavyo mkononi. Katika fundisho hili twataka kulitazama jambo hili lionekanalo kuwa dogo, maana ndani yake mna jambo kubwa, yaani afya ya msafiri, na tena afya ya nyumba ile itakayompokea.

1. Neno la Mungu na mkoba wa msafiri

Wako ndugu wasemao kwamba mtu wa imani hana haja ya kufikiri habari ya mzigo, kwa kuwa Bwana aliwatuma wanafunzi wake bila mkoba wala fedha, kama tusomavyo katika Luka sura ya 9 na ya 10. Ni kweli, aliwatuma hivyo. Walakini yatupasa kusoma mbele. Katika sura ya 22 ya Injili iyo hiyo, usiku ule wa kusalitiwa kwake, Bwana awakumbusha safari yao ya kwanza, nao wakiri ya kuwa hawakukosa kitu. Kisha awaagiza kwamba tangu sasa aliye na mfuko au mkoba asafiri nao. Basi hakuna amri moja ya mzigo kwa safari zote. Safari ya vijiji vya karibu, kwa watu wa desturi moja, ilikuwa na mzigo wake. Na safari ya siku za hatari ilikuwa na mzigo mwingine.

Tena mtazameni mtume Paulo. Katika waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4, amwomba mwanawe katika imani amletee vazi lake alilomwachia Karpo mjini Troa, pamoja na vitabu, na hasa vile vya ngozi. Tena amhimiza afike kabla ya majira ya baridi. Mtume huyu alikuwa gerezani, akijua ya kuwa mwisho wake u karibu, na hata hivyo hakuona haya kufikiri habari ya vazi moja na majira yajayo. Wala hakuomba vyote alivyokuwa navyo, ila vile vilivyohitajiwa.

Kwa mifano hii twapata kanuni moja ya fundisho letu: mzigo hupimwa kwa mahali tuendapo na majira tutakayoyakuta huko, wala si kwa mahali tutokapo.

2. Nchi tuendayo

Mtu apandapo mlima, hewa hupoa kwa nyuzi joto 6 hivi kwa kila mita 1,000. Naye ashukapo, joto huongezeka vivyo hivyo. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya bahari. Basi atokaye Lushoto akapita Mombo, Korogwe na Muheza hata Tanga, hufika katika nchi iliyozidi nchi yake kwa nyuzi 8 au zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa atokaye Marangu au Machame kwenda Dar es Salaam.

Lakini joto peke yake silo limsumbualo mgeni. Wako walioishi Dodoma penye jua kali, wakalivumilia, kisha wakafika pwani wakachoka siku ya kwanza. Sababu yake ni unyevu wa hewa. Mungu ameupa mwili njia ya kujipoza, nayo ni jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, huondoka na joto la mwili. Kule Dodoma hewa ni kavu, na jasho hukauka upesi hata mtu asilione. Pwani hewa imekwisha kubeba mvuke mwingi wa bahari, kwa hiyo jasho hutiririka lakini halikauki. Mtu hulowa wala hapoi. Hata usiku hauleti nafuu kama milimani. Katika mwezi wa Februari na wa Machi, usiku wa Dar es Salaam joto laweza kubaki karibu na nyuzi 25, wakati ambapo sisi huku twatafuta blanketi.

Yafaa msafiri ajue na majira. Tangu Desemba mpaka Machi huvuma kaskazi, na hiyo ndiyo miezi ya joto kuu. Kisha huja masika, mvua nyingi mpaka Mei, na kila kitu huwa na unyevunyevu. Tangu Juni mpaka Agosti huvuma kusi, na hewa hupoa kidogo. Mwenye hiari ya kuchagua siku zake na achague miezi hiyo. Na kila mgeni ajue ya kuwa mwili huhitaji siku 7 hata 14 kuizoea nchi ya joto. Katika siku hizo asifanye kazi nzito saa za mchana, na anywe maji mara kwa mara hata kabla ya kuona kiu.

3. Mizigo ya hofu

Wazungu waliokuja Afrika katika karne ya 19 waliogopa sana nchi ya pwani, wala hawakuogopa bure, maana wengi walizikwa huko. Lakini hawakuijua sababu. Waganga wao waliwafundisha ya kuwa homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Na neno malaria lenyewe ni la Kiitalia, maana yake ni hewa mbaya. Tena walionywa kwamba miale ya jua hupenya fuvu na uti wa mgongo. Basi walifunga masanduku kwa kadiri ya hofu hiyo: kofia nene za helmeti, mishipi ya flaneli ya kuzungushia tumbo, na vitambaa vizito vya kufunika mgongo. Vitu hivyo vililemea mabegani mwa wachukuzi, wala havikumzuia hata mbu mmoja.

Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg katika Ujerumani, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na Rosine mkewe. Mwezi wa Julai mwaka uo huo mkewe akafa kwa homa, na mtoto wao wa kike, aliyekuwa mchanga, akafa naye. Wakati ule hapana mtu duniani aliyejua ya kuwa homa hiyo huletwa na mbu. Miaka 53 ilipita, hata mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa India, akaviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Chandarua kilikuwako tangu zamani za kale, na watu walikitumia ili wapate usingizi mzuri. Lakini hawakujua ya kuwa kitambaa kile chepesi kina thamani kuliko masanduku yao yote.

Mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Katika habari za safari zake mwamvuli wake watajwa sana, nao ulimfaa kwa mvua na kwa jua. Mwaka 1849 alirudi akiwa na wachukuzi wengi na bidhaa nyingi, akitumaini kufika mpaka Unyamwezi. Bidhaa zile zikamwishia Machame katika kutoa zawadi, naye akageuka kurudi pwani akiwa mgonjwa. Wingi wa mzigo haukumpeleka mbali zaidi.

Tusiwacheke wale wa zamani. Sisi nasi tunayo mizigo yetu ya hofu, na pengine ya fahari. Twaona mtu akishuka Dar es Salaam mwezi wa Februari na blanketi la sufi, makoti mawili na suti nzito, kwa kuwa ndivyo avaavyo kwao siku za heshima. Tena na bahasha ya vidonge vilivyosalia katika ugonjwa wa mwaka jana. Lakini chandarua hana.

4. Vitu vipasavyo kufungwa

Nguo. Chagueni nguo za pamba, nyembamba, zisizobana mwili, wala zisiwe nyeusi, maana rangi nyeusi huvuta joto la jua. Nguo za nailoni hukaza jasho juu ya ngozi, na mtu hutokwa na vipele vya harara, hasa watoto wachanga. Nguo tatu nyepesi zifuliwazo mara kwa mara zafaa kuliko kumi nzito. Shati moja la mikono mirefu, na suruali au gauni refu, havikosi kuhitajiwa saa za jioni. Wanawake wetu wajua tangu zamani ya kuwa doti moja ya kanga hufanya kazi nyingi: ni shuka, ni taulo, ni mbeleko, ni kivuli cha mtoto. Sweta moja yatosha, kwa ajili ya alfajiri ya kuondoka na usiku wa kurudi. Mwenye joho jeusi la ibada na alivae ibadani tu, kisha alitundike penye upepo mpaka likauke. Akilikunja likiwa na jasho, baada ya siku chache ataliona lina ukungu.

Viatu. Jozi moja ya viatu vya kufunga kwa ibada na safari, na ndala au makubadhi kwa siku nyingine. Miguu ifungwayo siku nzima katika soksi zenye jasho huchubuka na kuwasha kati ya vidole. Ikausheni vema kila mwoshapo.

Mwamvuli, au kofia ya ukindu yenye ukingo mpana. Vyote viwili ni vyepesi.

Chandarua chenye dawa, pamoja na kamba nne ndefu na misumari michache. Wengi hubeba chandarua wakasahau kamba, wakafika mahali pasipo na pa kutundikia. Uzito wake haufiki kilo moja, na wakati wa kukifunga ni kabla ya nguo zote. Mbu wa malaria huuma tangu jioni hata alfajiri, kwa hiyo saa za kulala ndizo saa za hatari. Lakini yuko na mbu mwingine aumaye mchana, naye huleta homa ya dengi, iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kwa ajili yake chukueni mafuta ya kupaka ya kufukuza mbu, na hapo ile nguo ya mikono mirefu hufaa mchana pia.

Dawa. Anywaye dawa kila siku, kama mwenye ugonjwa wa moyo au wa kisukari, achukue za kutosha safari nzima na siku chache zaidi, zikiwa katika pakiti zake, pamoja na karatasi ya mganga. Asiziweke juani wala kando ya dirisha la basi, maana dawa nyingi hutakiwa kukaa mahali pakavu pasipozidi nyuzi 30. Atumiaye insulini aulize hospitalini kabla ya kuondoka jinsi ya kuihifadhi njiani. Vidonge vilivyosalia vya malaria viacheni. Dozi isiyotimia haiponyi, bali huficha ugonjwa kwa siku chache. Malaria hupimwa kwanza, ndipo hutibiwa kwa dozi kamili.

Chupa ya maji safi, na pamoja nayo chumvi na sukari kidogo. Mtu akipatwa na kuhara njiani, wala pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini hazipatikani, changanyeni maji safi lita 1, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Anywe kidogo kidogo, huku akitafutiwa zahanati.

Vitabu na karatasi. Biblia, kitabu cha nyimbo, cheti cha usharika, kadi ya kliniki ya mama na ya mtoto: hivi viwekwe katika kopo kavu lenye mfuniko wa kukaza, maana unyevu hugandamanisha kurasa na kufuta wino.

Zawadi. Ni desturi njema kumpelekea mwenyeji ndizi, maharage au viazi vya kwetu, wala hatusemi iachwe. Lakini zawadi zisifukuze chandarua mkobani.

Mwisho, mkoba ukiisha kufungwa, uinueni, mtembee nao kutoka nyumbani mpaka kanisani na kurudi. Mkiona hauwezekani, upunguzeni. Njiani hakuna atakayeona uzito wake kama ninyi, kwa kuwa wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

5. Mgeni na kitanda cha mwenyeji

Sasa twafika katika jambo tulilolikusudia hasa. Mgeni asipochukua chandarua, nani hulala bila chandarua? Twajua desturi zetu. Mwenyeji wa pwani, mwenye chandarua kimoja au viwili, humpa mgeni kitanda kizuri na chandarua kizima, nao watoto wake hulala mkekani bila kitu. Hatasema neno, maana kumpokea mgeni ni heshima yake. Mgeni huamka asubuhi na kumshukuru Mungu kwa usingizi mzuri, wala hajui ya kuwa watoto waliumwa na mbu usiku kucha kwa ajili yake. Nao watoto walio chini ya miaka 5 ndio wafao zaidi kwa malaria katika Afrika. Basi kubeba chandarua si kuilinda nafsi yako tu. Ni kumpenda jirani kwa tendo la mkono.

Kadhalika na kwaya zetu. Kwaya ya watu 30 hualikwa, ikalala sakafuni katika darasa au ukumbi wa usharika. Wamefanana kwa mavazi mazuri ya kuimbia, na pesa za mavazi hayo zimechangwa miezi mingi. Twawashauri wazee wa kanisa na walimu wa kwaya: kabla ya kushona sare mpya, hesabuni vyandarua. Kamba ndefu mbili zikifungwa toka ukuta hata ukuta zaweza kutundika vyandarua vya mstari mzima.

Jambo hili latuhusu sisi wa milimani kuliko wengine. Baridi ya kwetu huchelewesha ukuaji wa vijidudu vya malaria ndani ya mbu, kwa hiyo wengi wetu hukua bila kuugua mara nyingi. Mtu wa pwani aliyeumwa tangu utotoni hupata nguvu kiasi ya kushindana na ugonjwa. Mtu wa mlimani hana nguvu hiyo, nao humwangusha upesi. Mama mjamzito yu katika hatari zaidi, yeye na mtoto aliye tumboni. Na aende kliniki kabla ya safari akaseme aendako.

6. Safari haishi siku ya kurudi

Iko hatari moja isahauliwayo. Homa ya malaria haianzi siku ile mbu aumapo. Mara nyingi huanza baada ya siku 10 mpaka 15, na pengine baada ya siku nyingi zaidi. Basi mtu arudi kwao, amsimulie kila mtu habari za bahari, aingie shambani; na juma la pili ashikwe na baridi na kutetemeka. Jamaa husema ni mafua ya mlimani, humfunika blanketi, humpa chai ya tangawizi. Siku tatu zikipita hivyo, ugonjwa waweza kupanda kichwani, na hapo kuokoa ni kazi ngumu.

Kwa hiyo twawasihi: yeyote ashikwaye na homa baada ya kurudi kutoka pwani, aende zahanati siku iyo hiyo, na neno lake la kwanza kwa mganga liwe hili, ya kuwa alikuwa pwani. Wainjilisti wanaowazuru wagonjwa, mkimkuta mtu mwenye homa, kabla ya kuomba pamoja naye au baada yake, mwulizeni alitoka wapi mwezi huu. Sala na swali hili havigombani.

Bwana aliyewaongoza watu wake katika safari zao na awaongoze na ninyi, mwende kwa amani na mrudi kwa afya.

Maswali ya kujifunza katika vikundi

1. Agizo la safari katika Luka 9 na lile la Luka 22 yatofautianaje, na kwa sababu gani?
2. Kwa nini jasho halimpozi mtu pwani kama limpozavyo Dodoma?
3. Katika mizigo yetu ya safari, ni vitu gani tubebavyo kwa hofu au kwa fahari?
4. Mgeni asiye na chandarua huwadhuru akina nani? Usharika wetu waweza kufanya nini kabla ya safari ijayo ya kwaya?
5. Mtu aliyerudi kutoka pwani akishikwa na homa, afanye nini siku ya kwanza?